Mzee Protais Anaondoka Bila Nyumba

Jumatatu tarehe 30 Juni 1958, Mzee Protais Habonimana, mkaguzi wa majengo katika cité ya Uvira, mji wetu wa wenyeji, atarudisha buroni, yaani ofisini kwetu, kamba yake ya kupimia, penseli yake nyekundu na ufunguo wa nyumba namba 6 ya kambi ya wafanyakazi. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba ya kazi, na mwezi mmoja na siku ishirini na sita juu yake. Alichelewa kazini mara moja tu, mwaka 1949, kwa sababu mto ulijaa ikambidi angoje upungue. Alipofika aliomba msamaha kwa niaba ya mto.

Karani Étienne alikuwa amekwisha kumwandikia ukurasa wa kusomwa kwenye sherehe hii. Nimeusoma kwa kidole, neno kwa neno. Unasema Mzee Protais ni “mwaminifu, mtiifu na mpole.” Hata mbuzi anaweza kusifiwa hivyo. Nikamwambia Étienne, lete karatasi hapa, nitaandika mimi. Kwa Masista nilisoma miaka miwili tu, lakini na mtu huyu nimefanya kazi miaka ishirini na mitatu, na kuna jambo juu yake ambalo Étienne hawezi kuliandika kwa sababu halijui. Mnaosomewa karatasi hii huku mmeshika vikombe vya pombe ya ndizi, wekeni vikombe chini kidogo.

Mzee Protais ni mtoto wa Mutarule, kule uwandani mwa Ruzizi, ambako baba yake alilima pamba na mtama. Alikuja Uvira mwezi wa Mei 1931, kijana mwembamba mwenye shati moja, akaajiriwa kushika ncha ya mnyororo wa kupimia ardhi. Ncha ya pili ilishikwa na mzungu mpima ardhi, na huyo ndiye aliyesoma hesabu kwa sauti. Miaka minne Protais alishika ncha yake akasikiliza. Mzungu aliporudi kwao, ikaonekana kwamba yule wa kushika mnyororo anajua hesabu za ncha zote mbili. Wakampa penseli.

Mwaka ule wa 1935 nyumba mpya za cité zilianza kupasuka. Kitabu cha kanuni kilikuwako, tena kinene, lakini kiliandikwa na watu wanaojua udongo wa kwao. Protais alikiacha mezani akaja sokoni, mahali nilipokuwa nikiuza vyungu vyangu. Akaokota chungu kimoja, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

“Mama, weye unajuaje kama udongo ni mzuri?”

“Ninautafuna.”

“Unautafuna?”

“Ee. Na weye tafuna, kama huogopi kuchafua meno ya buro.”

Akatafuna. Alitema mara tatu, macho yakamtoka machozi, lakini kesho yake alirudi na matonge ya udongo kutoka mahali saba, kila tonge limefungwa katika jani la mgomba, akayapanga mbele yangu kama mtu anayeonjesha mboga. Nikamwambia huu una chumvi, huu una mchanga mzuri, huu utapasuka hata ukiuimbia. Aliandika yote. Baada ya juma moja nikawa mfanyakazi wa buro. Wanawake wa soko walinicheka: “Pudentienne anakwenda kula matope ya serikali!” Waliocheka leo wanakaa katika nyumba za matofali niliyoyapitisha mimi, na hakuna hata moja iliyowaangukia.

Kupima tofali kulikuwa hivi, na mpaka leo ndivyo kulivyo. Mtu akitaka kujenga kwa matofali mabichi, yale ya kukaushwa juani, tunaokota matatu katika fungu lake bila kuchagua. Tofali linainuliwa mpaka begani, linaachwa lianguke juu ya udongo mgumu. Mawili yakibaki mazima, fungu lote limepita. Mawili yakivunjika, fungu lote limekataliwa. Lakini bega la nani? Protais ni mrefu, anainama kwenye milango aliyoipitisha mwenyewe. Mwashi wetu wa kwanza alikuwa mfupi kama kinu. Tofali lililopita kwa mwashi lilivunjika kwa Protais, na watu wakaanza kuja na kelele kwamba wanataka mtu mfupi. Basi siku moja Protais akatupima wote kwa kamba, mpaka mpishi, akaandika katika daftari: “Kuanzia leo, bega ni la Mama Félicité.” Mama Félicité ni mimi, kwa jina la binti yangu.

Sitaficha kwamba nilijivuna. Shule, soko, kituo cha dawa, nyumba za watu kutoka huku mpaka karibu na Kavimvira, zote zimesimama kwa kipimo cha bega langu. Padri mwenyewe alileta matofali ya ukuta wa shule, nikamvunjia mawili kati ya matatu. Protais akamwandikia yamekataliwa, akavua kofia, akaomba baraka, akaenda zake.

Nyinyi mliojenga mnamjua. Hakumpiga mtu kelele. Aliuliza tu. Donatien, mfugaji aliyeshuka kutoka Mulenge mwaka 1950, alijenga nyumba ya vyumba vinne, na kimoja kina mlango mpana kuliko mlango wa mbele. Protais aliizunguka mara mbili.

“Chumba hiki cha nani, Donatien?”

“Cha mtoto, Mzee.”

“Mtoto huyu anakula nini?”

“Maziwa, Mzee.”

“Na akikua?”

Ndani ndama akajibu kwa niaba yake. Protais akaandika: “Chumba cha mtoto kihamishwe mita kumi kutoka nyumbani.” Mpaka leo Donatien akipita njiani anaulizwa mtoto hajambo.

Gaspard yule mfanyabiashara alitaka kujenga duka kwenye ukingo wa mto Mulongwe, mahali pazuri, maji karibu, barabara karibu. Protais alimnyima ruhusa mara tatu. Gaspard alimtukana mbele ya kanisa, akamwita mchawi wa karatasi, akasema anazuia watu weusi kuendelea. Mwaka 1956 mto ulibeba ukingo ule wote kwa mchana mmoja, na mawe makubwa kama ng'ombe. Gaspard akaja buroni na beberu wa shukrani. Protais akamwambia, “Nikila mbuzi huyu, mtu wa pili nitakayemnyima ataleta wawili.” Beberu alirudi kwao na njiani akala mahindi ya mkubwa wa buro. Mnacheka, eh? Chekeni sasa, kwa maana mbele hakuna kicheko.

Niseme juu ya kibali.

Karatasi ya ruhusa ya kujenga ilipoletwa mara ya kwanza, aliyeombwa kuitafutia jina la Kiswahili alikuwa katekista mmoja, mtu mwema, amekwisha kufariki. Akaiita kibali. Kwa buro, kibali ni ruhusa tu. Lakini watu wetu neno hilo walilijua kanisani: Maria alipata kibali kwa Mungu. Basi mtu akipewa karatasi ambayo jina lake ni hilo, yenye muhuri mwekundu, angeifanyia nini? Angeitundika ukutani inzi waichafue? Aliipeleka imwagiwe maji ya baraka, akaifunga pamoja na punje za mtama na ulezi, akaizika katika kona ya msingi, pale ambapo wazee wetu walizika mbegu ili nyumba isione njaa. Nusu ya cité ilijengwa hivyo. Protais akienda kukagua aliuliza, “Kibali kiko wapi?” na wenye nyumba walimjibu bila haya, “Kiko chini ya nyumba, Mzee, kinafanya kazi.”

Mimi nilifanya hivyo. Na binti yangu Félicité, aliyebaki mjane na watoto watatu, alipojenga mwaka 1951, mimi ndiye niliyemwelekeza. Nilimwambia usiweke katika kopo, kopo ni chuma, chuma kinazuia baraka. Funga kwa majani ya mgomba. Hayo ni maneno yangu, hakuna aliyenishauri.

Mwaka 1952 iliagizwa kutoka juu kwamba kila nyumba isiyo na karatasi ya kuonyesha ibomolewe kabla ya mvua. Nakala zilizokuwa buroni zilikuwa zimeoza, kwa sababu upepo wa ziwa ulikwisha kung'oa mabati ya stoo yetu. Basi cité nzima ikaanza kuchimba kona za nyumba zake. Mngeona watu wazima wamelala kifudifudi, mkono ndani ya shimo mpaka kwapani. Wengi waliikuta nzima, maana waliiweka katika kopo. Félicité alichimba akatoa vumbi la mchwa, na ndani ya vumbi kipande cha karatasi kama ukucha wa dole gumba, chenye nusu ya muhuri. Jina hakuna. Namba hakuna.

Protais alikitazama kipande kile juani muda mrefu.

“Ninaikumbuka nyumba hii, nilipima mwenyewe,” alisema. “Lakini kumbukumbu yangu haina muhuri.”

Nikamwambia, kwa jina la mtoto wake, “Baba Claire, weye na mimi tunakula chumvi moja miaka kumi na saba. Andika kwamba umeiona karatasi.”

“Nimeona nusu ya muhuri, Mama Félicité. Nikiandika nimeona karatasi, kesho kila muntu atasema mbona Protais anakumbuka nyumba za rafiki zake tu.”

“Kwa hiyo unabomoa nyumba ya yatima?”

“Ninabomoa nyumba isiyo na karatasi. Yatima nitawajengea pamoja nawe.”

Neno hilo la pili sikulisikia. Nilisikia la kwanza. Nyumba ilibomolewa siku ya Jumanne mwezi wa Septemba, na Félicité alikaa juu ya mawe ya msingi, sufuria zake miguuni, watoto wakicheza na vipande vya dirisha kana kwamba ni sikukuu. Protais alisimama pale mpaka ukuta wa mwisho. Siku iliyofuata alimletea Félicité kibali kipya alichokiandika mwenyewe, maana kibali huandikiwa nyumba ambayo haijajengwa bado. Na Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, alikuja na suruali yake ya zamani akabeba mawe ya msingi kutoka mtoni. Sikumsalimu hata Jumapili moja. Alinipita na jiwe begani akanisalimu, “Mwiriwe, Mama Félicité,” nami nikatazama ziwa. Nyumba ile ilisimama tena kwa majuma kumi na moja, inasimama mpaka leo, ni nzuri kuliko ya kwanza. Na kwa ajili yake Protais alianzisha desturi mnayoijua: namba ya kibali inachorwa kwa msumari katika tofali bichi linalowekwa juu ya mlango. Hakuna mchwa anayekula tofali. Tangu mwaka 1953 hakuna nyumba hata moja iliyobomolewa katika cité hii kwa sababu ya karatasi iliyozikwa. Étienne aliisahau habari hiyo katika ukurasa wake. Aliandika “mtiifu.”

Sasa nyumba yake mwenyewe.

Mzee Protais hakuwa na nyumba. Miaka yote hii amekaa katika nyumba namba 6, ya kazi, na kazi ikiisha nyumba inarudi. Desemba 1955 alipewa kiwanja, parcelle 214, mwisho wa barabara ya tatu. Kanuni mnaijua, alituimbia miaka yote: mwenye parcelle asipojenga kwa miaka mitatu, ardhi inarudi kwa cité. Miaka mitatu inaisha Desemba hii. Likizo yake yote ya Agosti 1957 aliitumia kufyatua matofali. Alikanyaga udongo mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na tano, na mke wake Marie alibeba maji kutoka ziwani kwa mtungi, kwenda na kurudi, kila siku mpaka jua kutua. Walifyatua matofali elfu nne. Watu walikwenda kutazama, maana walitaka kuona kama mkaguzi anajua kufanya anachowaambia wengine.

Siku ya kupima ilikuwa Alhamisi tarehe 29 Agosti. Palikuwa na watu wengi kuliko kwenye mechi. Nilitafuna kipande, udongo ulikuwa mzuri. Nilichukua tofali la kwanza, nikaliinua mpaka begani. Hapo nikamwona Félicité juu ya mawe, mwaka 1952, sufuria miguuni. Mikono yangu haikusimama begani. Ilipanda. Ilipita sikio, ikapita kitambaa cha kichwa, ikafika mwisho wa mikono. Nikaliachia. Likavunjika. La pili hivyohivyo, likavunjika. La tatu lilianguka kutoka juu kulekule, likabaki zima. Lakini mawili yalikwisha kuvunjika.

Watu walipiga vigelegele. Msijifanye hamkuwapo. “Leo mkaguzi amekaguliwa!” Nani alisema? Anajijua. Mliangalia vipande, hakuna aliyeangalia mikono yangu. Protais alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

“Umemaliza, Mama Félicité?”

“Nimemaliza.”

“Yamekataliwa?”

“Yamekataliwa.”

Akatoa penseli nyekundu, akaandika katika daftari lake, akafunga, akamshika Marie mkono wakaenda nyumbani. Likizo yake iliisha siku mbili baadaye. Mvua za Oktoba ziliyakuta matofali yale yako wazi, maana nani anafunika matofali yaliyokataliwa? Krismasi ilipofika, parcelle 214 ilikuwa kilima cha matope na mbuzi wamelala juu yake.

Miezi kumi nilijiambia kwamba nilifanya haki. Nilijiambia kichwa na bega haviachani sana. Nilijiambia hakuna aliyeona.

Juma lililopita Étienne aliniletea madaftari ya Mzee Protais nitafute humo tarehe za wasifu huu. Nikafungua lile la mwaka jana. Nimelisoma kwa kidole, nikarudia, nikarudia tena. Limeandikwa hivi, kwa mwandiko wake usiotetemeka: “Tarehe 29/8/57. Parcelle 214. Mwombaji: Habonimana P. Matofali matatu. Yameangushwa kutoka juu ya kichwa cha mpimaji. Mawili yamevunjika. Yamekataliwa.”

Juu ya kichwa cha mpimaji. Aliliandika palepale, mbele ya macho yangu. Mtu huyu hajawahi kuandika uongo katika daftari, hata uongo wa kukaa kimya.

Siku hiyohiyo nikaenda nyumba namba 6. Marie alikuwa akikunja mablanketi. Mzee Protais alikuwa akifunga kitanda kwa kamba, na hata hapo aliipima kamba kwanza. Nikasimama mlangoni, sikuketi.

“Baba Claire, weye uliona.”

“Niliona.”

“Mbona hukusema?”

“Nilisema. Niliandika.” Akakaza fundo. “Nilidhani utasoma kesho yake. Unasoma polepole sana, Mama Félicité.”

Nikamwuliza kwa nini hakuniamuru nipime upya, yeye mkubwa wangu, watu wote wapo.

“Ya kwangu? Mkaguzi aamuru matofali yake yapimwe upya? Ningemwambia nini yule ambaye nilimkatalia mwaka juzi?” Kisha akasema taratibu, “Na zaidi, niliona ulikokuwa unatazama. Hukuwa unatazama tofali.”

Marie hakuinua kichwa. Aliendelea kukunja. Alisema neno moja tu tangu nilipoingia mpaka nilipotoka: “Matofali yalikuwa mazuri. Maji yake nilichota mimi.”

Neno lake nimeliandika hapa kama alivyolisema.

Basi mimi, niliyepewa kazi ya kusifu, ninasema mbele yenu wote, na imepigwa mashini ili mtu asije kusema koko huyu, bibi kizee, amechanganyikiwa: matofali ya parcelle 214 yalikuwa mazuri. Tofali linaloanguka kutoka urefu ule na kubaki zima, mengine ya fungu lake yangebaki mazima kutoka begani. Ninajua udongo. Nilijua siku ileile. Nilimnyima nyumba mtu aliyemjengea binti yangu. Na nilimlaumu miaka sita kwa karatasi ambayo mimi ndiye niliyewalisha mchwa.

Jumatano nilikwenda kwa mkubwa wa buro nikamwambia. Alisoma daftari, akakuna shingo. Akasema kukataliwa kunaweza kufutwa, amelifuta neno hilo, kibali cha parcelle 214 amekitia muhuri. Lakini matofali hawezi kuyatia muhuri, maana hayako. Na tarehe ya Desemba haiwezi kusogezwa, kwa sababu aliyeandika kanuni ile isisogezwe kwa mtu yeyote ni Habonimana P. Jumanne Mzee Protais na Marie watapanda lori kwenda Mutarule kukaa katika chumba cha nyuma kwa mdogo wake. Hivyo ndivyo Uvira inavyomuaga mtu aliyeipimia kila mlango.

Pia nilimwomba mkubwa wa buro aninyang'anye kupima. Bega langu lisiandikwe tena katika daftari lolote. Wakate fimbo ya urefu uleule, wapime kwa fimbo. Fimbo haina binti.

Sasa sikilizeni, kwa maana sherehe na maneno vinaisha na kiangazi hakingojei. Tofali linataka majuma mawili kukauka. Kuta zinataka mwezi. Paa lazima lifike kabla ya mvua za Oktoba. Jumatatu tarehe 7 Julai, kukicha, nitakuwa kwenye shimo la udongo la parcelle 214, na Félicité na watoto wake watatu, ambao sasa ni wakubwa. Sitaki vigelegele. Ninataka miguu ya kukanyaga na mitungi ya maji. Gaspard, weye una lori, na hukubebwa na mto. Donatien, lete watoto wako, wale wa miguu miwili. Étienne, mikono yako laini, utashika foroma ya kufyatulia. Nyinyi mliopiga kelele siku ile, mnajua njia ya kufika, mlifika mapema sana wakati ule. Asiyekuja sitamwambia neno, lakini nitamhesabu. Na matofali yakikauka, tutaleta fimbo, na yakivunjika mawili, tutafyatua mengine.

Sijui kama Mzee Protais amenisamehe. Sikumwuliza. Mtu hawezi kuomba kibali baada ya kubomoa. Najua tu kwamba nilipotoka mlangoni mwake alisema, “Mwiriwe, Mama Félicité,” na safari hii nilimwitikia.

Baba Claire, buro yote inakushukuru kwa miaka ishirini na saba, na kwa kila usiku wa mvua ambao watu wa cité hii wamelala bila kutazama dari kwa hofu. Marie, kwako shukrani yangu haina maneno. Itakuja na mtungi. Mungu awafikishe salama, mpumzishe miguu, mle mihogo mipya ya kwenu, mpate afya na usingizi.

Lakini Mutarule msipazoee.

Pudentienne Inamahoro,
aliyekuwa mpima matofali